Vijogoo wakorofi: nani abaki, nani aondoke, na namna ya kuingia bandani bila kurukiwa

Asubuhi moja ya mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, ukungu ukiwa bado umelalia makabichi, mama mkwe wangu alifungua mlango wa banda akiwa na bakuli la pumba mkono mmoja, mkono mwingine amejishika kanga. Alikuwa amempa mgongo kijogoo mwekundu tuliyemwita Nyapara. Mimi nikiwa jikoni nilisikia bakuli likidondoka, kisha "Yesu wangu!", kisha kicheko cha watoto. Nilipotoka nikakuta ugoko una mikwaruzo mitatu mirefu ya kucha na damu imeshafika kwenye ndala. Nyapara alikuwa na miezi mitano na nusu. Wiki tatu tu kabla ya hapo mwanangu wa mwisho alikuwa akizunguka naye kwapani kama mwanasesere.

Banda letu wakati ule lilikuwa mita mbili kwa tatu. Ndani yake walilala mitetea 22 na vijogoo 9, wote wa umri mmoja. Tulikuwa tunawasubirisha Krismasi wapate bei. Nitaeleza hapa chini namna ya kujikinga, ya kumtuliza kijogoo na ya kuamua ugomvi, lakini niseme kabisa mapema kwamba ukali mwingi unamalizwa na hesabu kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye vijogoo 9 kwa mitetea 22 hana tabia ya kurekebisha, ana vijogoo 7 wa kuuza.

Pwani wana neno lao zuri kwa dume wa umri huu, pora: ukifaranga umeshamtoka na ujogoo bado haujamkaa. Huku kwetu nasikia zaidi kijogoo, basi nitakaa na hilo.

Hatua ya kwanza: jua vurugu zinaanza lini

Vifaranga wakifika wiki ya sita hadi ya nane, angalia upanga kichwani. Wa madume huanza kuwa mkubwa na mwekundu mapema kuliko wa majike. Wakifika miezi mitatu na kuendelea, manyoya ya shingoni na ya kiunoni hutoka membamba yenye ncha, wakati ya mtetea yana kingo za mviringo. Mwezi wa nne au wa tano unasikia kuwika kwa kwanza, sauti inayokwama kama bawaba isiyotiwa mafuta. Hapo homoni za kiume zimeshapanda, na miezi mitatu minne inayofuata ndiyo ya fujo. Chotara kama Kuroiler na Sasso hufika huko mapema, kienyeji huchelewa kidogo. Wengi wakishapita mwaka mmoja, mwaka na nusu, hutulia wenyewe, ingawa si wote.

Vitabu vya Ulaya vinasema majogoo huwa wakali zaidi siku zinaporefuka baada ya majira yao ya baridi. Mbeya iko nyuzi kama 9 kusini mwa ikweta, na mchana wa Desemba unauzidi wa Juni kwa saa moja hivi tu. Kwetu urefu wa mchana haubebi lawama kubwa. Baridi ndiyo inabeba, tena kwa njia ya kuzunguka. Kuanzia Juni hadi Agosti tunafungua banda kumekucha kabisa, tunafunga mapema, tunaziba madirisha kwa viroba. Kuku waliokuwa wakizurura mchana kutwa sasa wanatazamana ndani. Watu wa Njombe na Makete wanalijua hili kuliko sisi.

Sasa piga hesabu ya mwezi. Vifaranga waliototolewa Januari wanatimiza miezi mitano Juni. Kwa hiyo wanafika umri wa fujo wiki zile zile mlango unapoanza kuchelewa kufunguliwa. Mimi siku hizi naandika tarehe ya kutotolewa kwa mkaa ukutani mwa banda, na chini yake naandika tarehe ya miezi minne mbele. Hiyo ya pili ndiyo siku ya kuamua. Isipite.

Hatua ya pili: hesabu ya vichwa na ya nafasi

Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Ukiwa na mitetea 6 nyumbani, jogoo wa pili ni wa kuwachosha tu. Na hapa kuna jambo ambalo bado nakutana na watu wazima wasioliamini: mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika mayai yakitakiwa kuatamiwa. Kama unauza trei za mayai ya kula pale sokoni Mwanjelwa na huna mpango wa vifaranga, unaweza usiwe na jogoo hata mmoja, na jirani yako anayeamka saa kumi usiku atakushukuru.

Nafasi ya kulala, usizidishe kuku wakubwa 4 kwa mita moja ya mraba. Banda letu la mita sita za mraba lilifaa kuku 24 na tuliweka 31. Kwenye fito za kulalia kila kuku anahitaji sentimeta 20 hadi 25, na fito zikiwa za kimo kimoja ugomvi wa jioni hupungua, maana kila mmoja anautaka ule ufito wa juu. Chombo cha chakula kiwe na ukingo wa sentimeta 10 kwa kila kuku. Muhimu zaidi, vyombo viwe viwili au vitatu, tena pembe tofauti. Kijogoo mmoja anaweza kulinda chombo kimoja siku nzima. Viwili hawezi.

Ndani ya banda na uani weka vitu vya kukata macho. Mabanzi yanayotoka viwanda vya mbao vya Mafinga, kwenye misitu ya Sao Hill, hayana bei kubwa. Egemeza matatu manne ukutani na kuku anayefukuzwa anapata pa kupita na kupotea machoni. Anayefukuza akishindwa kumwona mwenzake huacha mara nyingi. Banda la mraba lililo wazi katikati ni ulingo wa ndondi.

Siku za baridi wape kazi. Funga kabichi zima kwa kamba, lining'inie usawa wa vichwa vyao. Uyole kabichi si tatizo, hata yale yaliyopasuka ambayo hayauziki. Watalidonoa, litayumba, watalifuata, na saa nzima imepita bila mtu kudonoana. Mahindi yaliyoparazwa usiyaweke yote chomboni. Mwaga kiasi kwenye maranda wachakure. Pia acha upenyo wa hewa juu karibu na paa hata kama ni Julai. Chuchumaa usawa wa kuku uvute pumzi: ukiona macho yanawasha, hewa ya mavi imejaa, na kuku anayewashwa macho usiku kucha haamki na roho nzuri.

Na chakula chenyewe kiwe chakula. Pumba tupu za mahindi haziwatoshi kuku wanaokua. Wakikosa protini na chumvi huanza kunyofoana manyoya, na mtu akiona hivyo anadhani ni ukorofi. Mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa na chumvi kwa kipimo cha chakula cha kuku hutuliza mambo mengi ambayo ufagio hauwezi.

Hatua ya tatu: usimhukumu jogoo mwema

Kuna kijogoo mkali na kuna kijogoo anayefanya kazi yake. Jogoo anayefaa akiona kivuli cha mwewe anatoa mlio mmoja mkali na wote wanakimbilia chini ya mti. Akipata mdudu anaita, ko-ko-ko-ko, anamnyanyua na kumwangusha, anamwachia mtetea. Akimtaka mtetea anamchezea kwanza. Anashusha bawa moja hadi ligusane na mchanga, anamzunguka kwa hatua fupi za pembeni, na mtetea akikataa anamwacha aende zake. Wa miezi mitano hana adabu hiyo, anamrukia kwa nyuma na kumvuta kisogo. Huo ni utoto, na wengi huuacha.

Cha kuangalia ni pale ule mchezo wa bawa anapoufanya mbele yako wewe. Anakusogelea kiubavuubavu, jicho moja limekutazama bila kuhama, bawa limeshuka, manyoya ya shingo yamesimama kama mwavuli uliofunguka nusu. Anadonoa chini kana kwamba anakula, na hapo chini hakuna kitu. Ukimpa mgongo anakufuata hatua mbili tatu. Nyapara alifanya hayo yote kwa siku nne mfululizo, sisi tukawa tunamcheka, "ona anavyocheza." Siku ya tano ndiyo ile ya bakuli.

Kama jogoo aliyekuwa mpole miaka miwili amegeuka ghafla, mkamate umkague kabla ya kumfikiria ukorofi. Tazama chini ya mabawa na karibu na mkundu kama kuna utitiri au chawa, tazama nyayo kama kuna uvimbe wenye kigaga cheusi. Kuku mwenye maumivu hana subira.

Hatua ya nne: namna ya kuingia bandani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi tunakosea kwa sababu tunamchukulia kijogoo kama mtoto mtukutu wa kuchapwa. Kwake yeye wewe ni jogoo mwingine, mrefu kidogo. Ukimpiga teke umekubali pambano. Ukikimbia ameshinda, na kesho atakuja mapema zaidi. Mambo hayo mawili, teke na kukimbia, ndiyo yanayomfundisha ukali.

Vaa gambuti na suruali, au sketi isiyopeperuka. Wengi wao wana kitu kimoja wanachokichukia, na ukiangalia vizuri utakijua: ndoo nyekundu, gambuti zenyewe, pindo la nguo linaloyumba. Kwa Nyapara ilikuwa kanga. Ingia na ndoo au ufagio mkononi. Si wa kumpigia, ni ngao.

Kabla ya kufungua, ongea. Neno lolote, "haya, haya, nakuja". Kuku anayeshtushwa anaruka kwanza. Fungua, simama mlangoni kidogo, mtafute yeye alipo, kisha ndiyo uingie. Usimpe mgongo unapoinama kuweka chakula. Inama ukiwa umemwelekea.

Akikujia, simama. Usirudi nyuma hata hatua moja. Weka ndoo mbele ya magoti, umtazame, umsubiri. Wengi huishia hapo. Akiruka atagonga ndoo, na ndoo haiumi wala haijibu. Sasa msogelee wewe, polepole, hatua fupi, ukimsukuma kifuani kwa ufagio kama unayesogeza kiti. Endelea hadi afanye moja ya haya: ageuze kichwa, aanze kudonoa chini kwa kweli, au aondoke zake. Akifanya hivyo na wewe acha papo hapo. Usimfukuze banda zima. Anachotakiwa kukijua ni kwamba aliyehama ni yeye, basi. Kumkimbiza hadi anahema ni kuanza vita vingine.

Kila unapoingia, pita pale aliposimama yeye, kwa mwendo wa kawaida, akupishe. Mwondoe kwenye chombo cha chakula kwa nusu dakika, kisha mwachie. Usimlishe mkononi. Mitetea usiikamate mchana mbele yake ikapiga kelele, maana anaitwa kutetea watu wake na hapo kosa ni lako, wakamate usiku.

Zoezi hili linahitaji wiki mbili, asubuhi na jioni, na linahitaji nyumba nzima. Mimi nililifanya peke yangu siku kumi, Nyapara akawa ananipisha kama askari, nikajisifu. Siku ya kumi na moja akamrukia dada wa kazi. Alikuwa amejifunza kunipisha mimi, hakujifunza kuwapisha binadamu. Kila anayelisha kuku alifanye, bibi akiwemo, na asiyeweza asiingie.

Watoto wadogo wasiingie kabisa. Kijogoo anayemfikia mtu mzima gotini anamfikia mtoto wa miaka mitatu usoni, na kucha ikigusa jicho hakuna mazoezi yatakayorudisha kitu. Hata akisema hamwogopi, asiingie.

Na lile la kwapani. Mtetea mbebeni mnavyotaka. Kijogoo aliyelelewa mikononi, anayelishwa vidoleni na kulala mapajani, anakua bila ile hofu ndogo inayomfanya akae mbali na mtu. Homoni zikifika anakuona wa kwake, na wa kwake ndiye wa kupigana naye. Ukishajua ni dume, wiki ya nane hivi, mshushe chini umwache awe kuku.

Hatua ya tano: kumshika na kumtuliza

Kuna ambaye ndoo na ufagio havimtoshi. Mshike. Subiri giza, ingia na tochi ya simu, mchukue kwenye ufito akiwa mzito wa usingizi. Mabawa yote mawili yabanwe kwenye mbavu zako kwa mkono, miguu ipite katikati ya vidole vya mkono wa pili. Atapiga kelele kidogo. Tembea naye uani dakika tano, kumi, ukiendelea na shughuli zako, hadi shingo ilegee. Kisha umrudishe ufitoni. Jioni nne tano mfululizo.

Usimning'inize kichwa chini, ingawa kila siku tunaona wanavyobebwa kwenye bodaboda. Kuku hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kama sisi. Akigeuzwa, matumbo yanalalia mifuko yake ya hewa na anapumua kwa shida. Ule utulivu unaouona si wa kuelewa somo. Kuna pia wanaomlaza chini na kumkandamiza shingo. Mimi siwashauri, nimeona wanaoinuka hapo wakali zaidi.

Kwa uzoefu wangu, katika vijogoo watano niliowashika hivi, wawili walibadilika. Watatu hawakubadilika, na wote watatu walikwenda sufuriani au sokoni.

Hatua ya sita: banda la makapera

Kama una sababu ya kuwaweka vijogoo miezi miwili zaidi, watenge wote mahali pamoja, mbali na mitetea, wasionane. Inashangaza mara ya kwanza. Madume 7 waliokuwa wakichinjana kwa ajili ya mitetea wanakaa kama wanafunzi wa bweni, wanapigana siku mbili za kupangana vyeo, kisha wanakula. Mafahali wawili hawakai zizi moja pale tu zizi lina majike.

Masharti ni matatu. Wawe wamekua pamoja. Wasiwaone mitetea hata kwa upenyo wa wavu, kwa hiyo ziba upande huo kwa mabanzi au mabati. Na ukimtoa mmoja akakaa na mitetea wiki moja, usimrudishe. Atarudi mtu mwingine na vita vinaanza upya. Nafasi iwe kubwa kuliko ya mitetea, na vyombo vya chakula viwe vingi.

Wawili wakishikana hadi damu, usipeleke mikono katikati. Watu humwagia maji, ila Juni huku kwetu kuku aliyeloa jioni unaweza kumkuta amekufa asubuhi. Chukua tenga, lile la kubebea kuku, mfunike mmoja nalo. Basi. Asiyeona adui anatulia chini ya dakika moja. Aliyeshindwa mtoe kabisa hadi vidonda vikauke, kwa sababu wenzake wakiona damu watamdonoa, hata mitetea.

Mitetea walioumia

Pitia migongo yao kila wiki. Jogoo wengi kwa mitetea wachache utaliona kwenye kisogo na mgongoni: manyoya yamekatika, ngozi inaonekana nyekundu, wengine wana mchaniko ubavuni ulipofichwa na bawa, mrefu kama kidole na huwezi kuuona hadi uinue bawa. Mtetea wa hivyo hupunguza kutaga, hukaa juu ya ufito mchana kutwa, anaogopa kushuka kula.

Mtenge. Osha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kausha. Maduka ya dawa za mifugo yana ile ya kupuliza ya bluu. Inafaa, lakini uliza muuzaji au afisa mifugo wa kata ni siku ngapi usile mayai wala nyama yake. Kwa ambaye ngozi imevuliwa manyoya bila kuchanika, shona kipande cha kitambaa kigumu, jinzi kuukuu ni kizuri, kimfunike mgongo kikiwa na mikanda ya lastiki inayopita chini ya mabawa. Wanacheka majirani, manyoya yanaota. Lakini kama hujapunguza majogoo unashona bure.

Kucha na kipi

Kipi ni ule mwiba wa nyuma ya mguu. Kwa kijogoo wa miezi mitano bado ni kidonge tu, anayekukwaruza ni kucha. Kwa jogoo wa mwaka na zaidi, piga tupa ncha ya kipi hadi iwe butu. Ncha tu. Ndani ya kipi kuna mfupa wenye damu. Ukikata kwa pamoja kama unavyokata kucha utamtoa damu nyingi na kumuumiza. Kucha za miguu nazo punguza ncha kidogo. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi chenye unga laini hadi ikatike. Kumbuka kwamba kipi butu hakimfanyi jogoo mpole.

Kuhasi usijaribu. Si kama beberu. Kende za kuku ziko ndani, juu karibu na figo, ubavu kwa ubavu na mishipa mikubwa ya damu. Ni upasuaji, si kazi ya kisu cha jikoni.

Hatua ya mwisho: kuchagua

Siku ile ya miezi minne ikifika, chukua kiti, kaa uani kwa muda wa saa moja, jioni mbili mfululizo, ukiwatazama tu. Mwenye kuita wenzake kwenye chakula mwekee alama ya uzi mguuni. Anayekaa mbali nawe hatua tatu nne bila kukimbia wala kukusogelea, huyo ni mzuri. Miguu imenyooka, kifua kipana, macho angavu. Mwenye mwili mkubwa kuliko wote si lazima awe bora, na anayewafukuza wenzake kwenye chakula bila kula mwenyewe mwondoe wa kwanza.

Ukali unarithishwa kwa sehemu, kwa hiyo usitotoleshe mayai ya jogoo anayerukia watu, hata awe na kilo nne. Asili pia ina neno lake. Kuchi, wale warefu wenye shingo ndefu na upanga mdogo, wana damu ya kupigana. Wale weusi tunaowaita kuku wa Malawi nimewakuta wapole zaidi. Ndani ya kila kundi lakini utapata wa kinyume.

Baki na mmoja, na wa akiba mmoja kama mitetea inafika 16. Ukileta jogoo kutoka nje, mtenge wiki tatu ukihakikisha ana chanjo ya kideri, ile ya matone ya jicho inayorudiwa kila miezi mitatu, kisha umweke nyuma ya wavu waonane wiki moja kabla ya kumwachia.

Waliobaki waondoke sasa. Jirani yangu, mama mmoja wa Kihehe mzaliwa wa Kalenga, alisimama kwenye uzio wetu mwezi ule wa saba. "Kamwene." "Kamwene, mama." Akahesabu kwa kidole. "Hawa wote wa nini, mwanangu, una kesi mahakamani?" Nikamweleza habari za Krismasi. Akaniambia nihesabu pumba. Nilihesabu usiku ule. Kijogoo chotara anakula kama gramu 120 kwa siku. Kutoka Julai mwishoni hadi Krismasi ni siku 150, yaani kilo 18 kwa kichwa. Saba wa ziada ni kilo 126, mifuko miwili na nusu ya kilo 50, na hapo sijahesabu mayai yaliyopotea kwa mitetea waliojificha juu ya fito. Bei ya sikukuu ingenipa zaidi kidogo kwa kila mmoja. Haikufikia bei ya chakula.

Sokoni mwambie mnunuzi ukweli, hasa anayetaka wa kufuga. Nilimwambia mzee aliyemchukua Nyapara kwamba ana tabia ya kurukia watu. Akampima kwa mkono, akasema hamchukulii tabia. Kijogoo wa miezi mitano sita nyama yake bado laini, saa moja ya moto inatosha. Akishapita mwaka utaongeza kuni.

Na mama mkwe: tulimwosha ugoko kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, tukampeleka zahanati akachomwa sindano ya pepopunda, kwa kuwa hakukumbuka ya mwisho alichomwa lini. Fanyeni hivyo hata kidonda kikiwa kidogo, kwani kucha ya kuku inatoka moja kwa moja kwenye mavi. Kidonda kikivimba, kikawa cha moto au kikatoa usaha, rudini zahanati siku hiyo hiyo. Kikiwa cha jicho, funikeni bila kubana, msioshe kwa dawa yoyote, nendeni hospitali moja kwa moja.